Homa Bay na Migori zisigeuke Tendaguru ya pili

Ukiingia ukumbi mkuu wa makumbusho ya historia asilia mjini Berlin, anayekupokea ni mwenyeji wa Lindi. Amesimama kwa miguu minne, kichwa chake kiko mita 13.27 juu ya sakafu, na inabidi urudi nyuma hatua kadhaa ndipo umwone mzima. Kitabu cha rekodi cha Guinness kimemtambua kuwa kiunzi kirefu kuliko vyote vya dinosaria vilivyosimamishwa duniani. Aliishi na kufa katika nchi ambayo leo ni kusini mwa Tanzania, yapata miaka milioni 150 iliyopita, na yuko Ujerumani tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanasayansi wanamwita Giraffatitan brancai. Watanzania wengi humwita mjusi wa Tendaguru tu, na wabunge wao wamemtaja kwa jina hilo bungeni zaidi ya mara moja wakiuliza atarudi lini.

Mimi si wa Lindi. Ninaandika kuhusu watu wa huku ziwani, wa Karungu na Rusinga, wa Kanam na Mfangano, na ninamtanguliza mjusi kwa sababu yaliyompata yeye yalitupata na sisi, kwa mikono ya watu walewale. Tofauti ni kwamba Watanzania wanajua walichopoteza na wanakisema kwa sauti. Sisi hatujaanza hata kuulizana.

Kwanza mnyama mwenyewe, kwani anastahili kuzungumziwa kwa raha kidogo. Mfupa wa juu wa mguu wake wa mbele una urefu wa mita 2.13. Usimamishe huo mmoja kando ya mchezaji mrefu wa mpira wa kikapu, utampita. Miguu ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma, hivyo mgongo uliteremka kuelekea mkiani kama wa twiga, na ndiyo maana jina lake limebeba twiga ndani yake. Lakini twiga ana pingili saba tu za shingo, sawa na mimi na wewe. Giraffatitan alikuwa na 13. Pingili hizo hazikuwa nzito kama zinavyoonekana: ndani zilikuwa na vyumba vya hewa vilivyoungana na mapafu, mtindo ambao ndege wanao mpaka leo. Bila hewa hiyo, shingo ya ukubwa ule isingenyanyuka.

Uzito wake unabishaniwa. Makadirio mengi yako kati ya tani 23 na 40, yaani ndovu dume wanne hadi sita au zaidi kwa mpigo. Mwili huo wote uliendeshwa kwa majani. Hakutafuna. Meno yake yaliyofanana na vijiko yalichuma majani ya miti mirefu ya jamii ya misonobari, akameza, na kazi iliyobaki ikafanywa na tumbo ambalo bila shaka lilichachusha chakula kwa siku kadhaa. Kwa kuwa hakuhitaji taya nzito za kutafunia, kichwa kilibaki kidogo na chepesi, na kwa kuwa kichwa kilikuwa chepesi, shingo iliweza kuwa ndefu. Mnyama mzima amejengwa juu ya hesabu hiyo. Tena yule wa Berlin si jitu la ukoo. Katika shehena hiyohiyo ya Tendaguru kuna mfupa wa mguu wa mwenzake unaoonyesha mnyama aliyemzidi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Tendaguru ni kilima kilicho karibu kilomita 60 kutoka mji wa Lindi. Katika kipindi cha Jurasiki palikuwa ufukweni. Bahari ilikuja na kurudi, na kila iliporudi iliacha matope yaliyofunika mizoga. Wamwera wa eneo hilo walikuwa wakiiona mifupa ikichomoza ardhini muda mrefu kabla ya mgeni yeyote kufika. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliyekuwa akitafuta madini, akaonyeshwa au akaukuta mfupa mkubwa njiani, akapeleka habari. Mwaka 1907 akaja mtaalamu Eberhard Fraas kutoka Stuttgart kuthibitisha. Vitabu vingi vya Ulaya huanzia hapo na kuita huo ugunduzi.

Zitazame tarehe hizo. Vita vya Maji Maji vilianza 1905 na kuzimwa kwa moto na njaa. Jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala ili watu wakose chakula, na kusini yote ikabaki ukiwa. Nchi hiyo iliyokuwa bado inazika watu ndiyo iliyotoa vibarua wa kuchimba dinosaria. Serikali ya kikoloni iliitangaza ardhi ya Tendaguru kuwa mali ya dola, na kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa Berlin ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig ukafanya kazi pale. Kufikia 1911 wachimbaji walikuwa karibu 500. Mifupa ilifungwa kwa udongo na mianzi, ikabebwa kichwani na begani hadi bandarini Lindi, mwendo wa siku nne, kisha ikapakiwa melini. Jumla yake ilizidi tani 225. Ilikuwa mingi kiasi kwamba baadhi ya mizigo ile ya mianzi ilikaa miongo mingi katika ghala la Berlin bila kufunguliwa. Mtu wa Lindi aliibeba siku nne mabegani; aliyeipokea hakupata nafasi ya kuifungua.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Ni yeye aliyejua wapi pa kupiga jembe na namna ya kuinua pingili bila kuivunja, na wazungu wenyewe waliandika kwamba walimtegemea. Mwaka 1914 Janensch alipompa mjusi jina, alimpa la Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho kule Berlin. Boheti alisubiri mpaka 2007, mwanasayansi mmoja alipompa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii. Ni heshima njema, ingawa ilichelewa kwa karibu miaka mia moja.

Sasa tuje kwetu.

Baada ya Wajerumani kushindwa vita, Waingereza walitaka mjusi wao. Mwaka 1924 Jumba la Makumbusho la Uingereza lilimtuma William Cutler kwenda Tendaguru, na kwa kuwa Cutler hakuijua Afrika Mashariki, akapewa kijana wa miaka 20 aliyezaliwa Kabete, aliyekuwa amepumzishwa masomo Cambridge kwa sababu ya kuumia kichwa kwenye raga. Kijana huyo aliitwa Louis Leakey. Alikaa miezi kadhaa, akajifunza kuchimbua mfupa, kuupaka plasta na kuufunga kwa safari, kisha akarudi chuoni. Cutler alibaki, na mwaka 1925 malaria ikamuua. Mwalimu mwingine wa Leakey, Hans Reck, naye alikuwa mtu wa Tendaguru: aliongoza uchimbaji pale mwaka 1912 kabla ya kwenda Olduvai, na mwaka 1931 ndiye aliyefuatana na Leakey kurudi Olduvai. Kwa hiyo Leakey alipofika ukingo wa Nyanza kuchimba Kanam, Kanjera na Rusinga, alikuwa ameshafundwa. Alijua kuchimbua. Alijua pia desturi iliyokuja na ufundi huo: kibarua anachimba, mzungu anaandika, sanduku linakwenda ng'ambo.

Wala yeye hakuwa wa kwanza. Karungu, ambayo leo iko Nyatike katika Kaunti ya Migori, ilikuwa imeshafikiwa. Ofisa mmoja wa kikoloni aliyeokota mifupa pale aliishia kuliwa na mamba ziwani, na mwaka 1911 Felix Oswald akatumwa kutoka London kuendeleza kazi. Kilichopatikana Karungu ni mnyama wa kushangaza ambaye sidhani kama kuna shule ya msingi Nyatike yenye picha yake ukutani: jamaa wa ndovu, mwenye pembe zilizotoka taya la chini na kupinda kuelekea ardhini. Alipewa jina la Deinotherium hobleyi mwaka huohuo wa 1911. Hobley alikuwa nani? Alikuwa mkuu wa jimbo wa serikali ya Mwingereza. Branca kule, Hobley huku.

Hapa lazima nijibu swali ambalo watoto huliuliza kila mara, na ni swali zuri: kwa nini Migori haina dinosaria? Jibu liko kwenye mawe. Miamba ya kale ya Migori, ile ambayo wachimbaji wa Macalder na Osiri wanaifuata chini ya ardhi wakitafuta dhahabu, ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Wakati huo hapakuwa na mnyama wa aina yoyote duniani, achilia mbali mwenye shingo. Kisha kitabu kinaruka kurasa nyingi mno. Miamba inayofuata, ya Karungu, Rusinga na Mfangano, ina miaka karibu milioni 18 hadi 20 tu, na dinosaria walikuwa wamekwisha miaka milioni 66 iliyopita. Kurasa za Jurasiki kwetu hazipo. Ama hazikuandikwa, ama mvua na mito imezifuta. Kenya ina mawe ya Jurasiki, ila yako Pwani, karibu na Mombasa, na ni tope la bahari lenye viumbe wa majini. Mifupa ya dinosaria imepatikana Turkana, katika milima ya Lapurr, lakini hao ni wa kipindi cha baadaye.

Tulichonacho sisi ni kitu kingine, na mimi nikipewa nafasi ya kuchagua sitabadilishana na Lindi. Mlima wa volkano uliokuwa pale ambapo leo kuna vilima vya Gwasi, wanaouita Kisingiri, ulitapika majivu yenye chumvichumvi za aina ambayo huhifadhi mifupa vizuri ajabu. Majivu hayo yaliufunika msitu. Rusinga ina visiki vya miti vilivyogeuka mawe, matunda na mbegu vilivyogeuka mawe, wadudu, konokono, na katikati ya vyote hivyo, nyani wasio na mkia ambao ni jamaa wa mbali wa ukoo wetu. Tarehe 2 Oktoba 1948 Mary Leakey aliona meno yakitokeza kwenye mteremko wa Rusinga, na kutoka hapo likakusanywa fuvu ambalo wakati huo lilikuwa la kwanza la aina yake kupatikana likiwa na uso. Dunia ililijua kwa jina la Proconsul. Mary akapanda ndege kwenda London akiwa nalo.

Alikwenda nalo kwa mkopo. Sisitiza neno hilo, maana London baadaye ililisahau. Miaka ilipita, Kenya ikapata uhuru, na Nairobi ilipoliulizia, ikaambiwa lile lilikuwa zawadi. Lilirudi tu baada ya barua za zamani kuchimbuliwa katika nyaraka za serikali na kuonyesha waziwazi kwamba lilikopeshwa. Lilikuwa limekaa huko zaidi ya miaka 30. Kilicholirudisha ni karatasi iliyotunzwa vizuri, na hilo ni funzo zito kuliko hotuba zote za kulalamikia ukoloni. Lindi hawakuwa na karatasi kama hiyo. Mjusi wao aliondoka kwa amri ya serikali iliyojitangaza kuwa ndiyo mwenye ardhi.

Mwaka 2015 nyani hao wa Rusinga walitengewa jina jipya la Ekembo, kutoka lugha ya Kisuba. Aina moja yao inaitwa Ekembo heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, msaidizi mkuu wa Leakey kwa miongo mingi. Yeye ndiye Boheti wetu. Ukisoma maandishi ya zamani utaona jicho lake na la wenzake likifanya kazi nyuma ya karibu kila ugunduzi. Taya maarufu la Kanam la mwaka 1932, lililomletea Leakey sifa na baadaye aibu, lilitolewa ardhini na Juma Gitau, si na Leakey.

Aibu hiyo ya Kanam nayo ina upande ambao vitabu huupitia haraka. Leakey alidai taya lile lilikuwa la binadamu wa kale sana. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell akaja kutoka Uingereza kukagua, na Leakey akashindwa kumwonyesha mahali hasa lilipotoka. Alikuwa ameweka vigingi vya chuma kama alama; vigingi havikuwepo. Maelezo yake yalikuwa kwamba wenyeji walikuwa wameving'oa wakavitumia kwa kazi zao. Boswell akachapisha ukosoaji wake katika jarida la Nature, na heshima ya Leakey ikayumba kwa miaka. Kila anayesimulia kisa hiki hucheka. Mimi nauliza: waliong'oa vile vyuma waliambiwa ni vya nini? Mvuvi wa Kanam aliyekuta kipande cha chuma kizuri kimesimikwa korongoni, na hakuna aliyemweleza kina maana gani, alifanya kosa gani kukipeleka kwa mhunzi? Sayansi ya ziwani iliwahi kukwama kwa sababu wenye nchi hawakuhesabiwa kuwa wanastahili kuambiwa.

Sitaki kusema mambo yamebaki vilevile, kwa sababu hayajabaki. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inakataza mtu kutoa mabaki ya kale nchini bila kibali. Mwaka 2023 jarida la Science lilipotangaza uchimbaji wa Nyayanga, katika rasi ya Homa, orodha ya waandishi ilikuwa na Wakenya, wakiwemo Rahab Kinyanjui na Blasto Onyango wa Makumbusho ya Kitaifa, pamoja na kiongozi wa utafiti Thomas Plummer. Na habari yenyewe ni nzito: zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, mifupa ya viboko wasiopungua wawili iliyokatwakatwa kwa mawe hayo, na meno ya kiumbe anayeitwa Paranthropus, ambaye hapo awali wengi hawakudhani kwamba angekutwa karibu na zana. Kwa maneno mengine, baadhi ya ushahidi wa kale zaidi duniani wa mtu kushika jiwe la kukatia nyama umetoka Homa Bay. Mabaki hayo hayakwenda London wala New York. Yalikwenda Nairobi.

Nairobi ni kwetu, ndiyo. Lakini muulize mwanafunzi wa Karachuonyo amewahi kuona nini kilichotoka Nyayanga. Atakwambia habari za Tyrannosaurus, kwa sababu yuko kwenye katuni na kwenye fulana za mitumba sokoni. Akiwa na bahati, shule yake itamchangisha pesa za basi mara moja kwenda Nairobi, ataona fuvu ndani ya kioo kwa dakika mbili, na mwalimu atawahimiza kwenda kwa nyoka. Kiboko wake wa Nyayanga hamjui. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba tatizo lote la mifupa ni bahari iliyoko kati yetu na Ulaya. Kilomita zilizoko kati ya Mbita na mji mkuu zinaweza kufanya kazi ileile.

Ndiyo maana mjadala wa kumrudisha mjusi haunishiki kama unavyowashika wengine. Ninauelewa. Mwenye mali ana haki ya kuidai, na ile hoja ya kwamba Ulaya ndiko salama ilishaungua kwa moto: mwaka 1944 mabomu yaliteketeza makumbusho ya Munich na mifupa ya Spinosaurus iliyotolewa Misri, ambayo ilikuwa ndiyo pekee iliyojulikana wakati ule. Mjusi wa Lindi aliponea kwa kuwa alikuwa amefumuliwa na kufichwa. Mwaka uliofuata bomu liliangukia makumbusho yake pia. Lakini serikali ya Tanzania imekuwa ikielekea kwenye ushirikiano wa utafiti na utalii badala ya kudai kiunzi chenyewe, na mimi sioni ubaya wa njia hiyo ikiwa ina meno. Ushirikiano wenye meno ni Mjerumani kugharimia vijana wa Lindi wasome paleontolojia mpaka shahada ya juu, watengenezewe nakala kamili ya kiunzi isimame Lindi, na sehemu ya mapato ya ukumbi ule, unaopokea mamia ya maelfu ya watu kila mwaka, irudi mahali ulipotoka mzigo. Rais Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea Novemba 2023 kuomba msamaha kwa maovu ya Maji Maji. Msamaha usio na bajeti ni adabu tu.

Kwetu sisi, hata hivyo, hakuna Mjerumani wa kulaumiwa kwa yanayofanyika leo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, katika majukumu ya kaunti, limetaja makumbusho kwa jina, kwenye orodha moja na maktaba na michezo. Turathi zenye umuhimu wa kitaifa zimebaki kwa serikali kuu, lakini hakuna kinachoizuia Homa Bay kuwa na jumba lake Rusinga, wala Migori kuwa na lake Karungu, kwa makubaliano na Makumbusho ya Kitaifa. Mfupa halisi ukihitaji chumba chenye ulinzi na hewa maalumu, ubaki Nairobi kwa sasa. Nakala nzuri ya plasta haihitaji hayo. Mtoto akishika nakala ya jino la Deinotherium kwa mkono wake, amefaidi kuliko aliyelichungulia la kweli kupitia kioo.

Na mfano tunao mlangoni. Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wa kushikia, zipo Migori, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mfangano kuna makumbusho ya jamii ya Abasuba inayohudumia michoro ya kale ya miambani. Rusinga kuna kaburi la Tom Mboya, ambalo wageni wanalifikia tayari. Mtu anaweza kulala Mbita, akaanza na Mboya, akapanda kwenye majivu ya Kisingiri, akavuka maji kwenda Mfangano, akashuka hadi Karungu na kumalizia Thimlich, na safari nzima isitoke nje ya kaunti mbili. Hakuna mahali pengine ninapopajua ambapo unaweza kutembea kutoka kwa nyani wa miaka milioni 18 hadi kwa mwanasiasa wa 1969 katika siku chache. Kaunti zetu zinatangaza fukwe na samaki. Fukwe ziko kila mahali.

Najua litakalosemwa. Zahanati hazina dawa, barabara za Gwasi ni mashimo, omena imepungua, na wewe unatuletea mifupa? Nitajibu kwa upole kwamba kaunti hizihizi zimekwisha kutumia pesa kwa mambo yenye manufaa madogo kuliko jumba la vyumba vitatu, na kwamba kazi hii ina ajira ndani yake. Vijana wa machimbo ya Nyatike wanajua kuishi na ardhi: kuona badiliko dogo la rangi ya udongo, kushuka shimoni, kusogeza jiwe bila kuangusha lililo juu. Ndiyo stadi alizokuwa nazo Boheti. Kijana anayevuta vumbi na kushika zebaki kwa mikono mitupu ili apate chembe ya dhahabu angeweza kufunzwa kuwa fundi wa visukuku, kazi safi isiyomuua, na watafiti wanaokuja kila msimu wangemkuta yupo badala ya kuajiri vibarua wapya kila mara na kuwaacha msimu ukiisha. Kuna la haraka zaidi. Mchanga wa ufukweni na makorongoni unavunwa kwa malori kujengea miji, na mfupa uliokaa mamilioni ya miaka hauna mlinzi mbele ya koleo. Anayeendesha lori halaumiki zaidi ya yule mvuvi wa Kanam. Naye hajaambiwa.

Ninayodai, basi, si mengi. Kila leseni ya kuvuna mchanga katika kata zenye visukuku iambatane na ramani ya mahali pasipoguswa. Kila timu ya utafiti, ya ndani au ya kigeni, kabla ya kufunga hema irudi kwenye bichi au shule iliyo karibu ieleze kwa Kijaluo, Kisuba au Kiswahili ilichokipata, na iache nakala. Majina ya waliookota yaandikwe, si ya wakubwa peke yao. Na kaunti mbili hizi zikae meza moja zitenge pesa za jumba la kwanza, hata kama ni la kuanzia, hata kama litafunguliwa kwa nakala tupu na mlinzi mmoja mwenye maneno mengi.

Sheria inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafike katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Vikao hivyo hutangazwa redioni na magazetini, na mara nyingi viti hubaki vitupu kwa sababu tumezoea kudhani vimeshaamuliwa. Msomaji wa Mbita, wa Kendu Bay, wa Sori, wa Macalder: nenda kwenye kikao cha wadi yako, chukua kipaza sauti, umwulize mwakilishi wako kaunti imetenga kiasi gani kwa makumbusho mwaka huu. Akikujibu sifuri, mwambie aiandike hiyo sifuri kwenye kumbukumbu za kikao, kisha udai ibadilishwe.